Kaka, mbona meseji zinafika zimeshikana?

Swali la leo limetoka kwa binti mmoja yuko chuo mwaka wa pili, kwao Chumbageni hapahapa Tanga. Nalifupisha maana lilikuja vipande kumi na moja: "Shikamoo kaka. Tumepewa asaimenti ya programu za mtandao, tuandike seva ya kuchati na klayenti wake, Python, lazima TCP, mwisho Ijumaa. Yangu inagoma. Nikituma meseji tatu zinafika zimeshikana kama moja, nikiweka time.sleep(1) zinakubali. Mwenzangu akijaribu kwa laptopu yake haiungi kabisa. Na klayenti wa pili akiingia anaganda tu. Nimeuliza kwenye magrupu naambiwa nikasome, mmoja kasema nimtumie elfu ishirini aniandikie yote. Naomba kodi tu kaka, nimechoka."

(Kwa msomaji mgeni: kodi hapa ni maandishi ya programu, seva ni programu inayosubiri kupigiwa, klayenti ni ile inayopiga, TCP ni kanuni za kusafirisha data kwenye mtandao, na time.sleep(1) ni kuiambia Python itulie sekunde moja.) Marahaba mdogo wangu. Kodi yote sikupi, na wala si choyo, nitakupa kipande kimoja huko chini. Huyo wa elfu ishirini muache na shida zake, maana siku ya kuonyesha kazi mwalimu hahitaji kukuuliza maswali kumi, anakwambia tu hebu ongeza jina la mtumaji mbele ya kila meseji, hapo hapo, anakuangalia, na kama kodi si yako utatazama hiyo skrini kama umeona jini.

Kabla sijaingia kwenye soketi, yani ule mlango ambao programu inatumia kutuma na kupokea data, nikuseme kidogo. Ulivyonianza mara ya kwanza ulisema "kaka programu inagoma msaada" na picha ya skrini umepiga kwa simu, imepinda, nusu ya picha ni kivuli chako. Sasa hapo nikusaidie nini? Ndo maana kwenye magrupu wanakwambia ukasome, si wote wana roho mbaya, wengine hawajui waanzie wapi. Ulipokuja kuniambia "nikiweka sleep zinakubali" basi mimi nikajua ugonjwa papo hapo, sikuhitaji hata kuona kodi. Hiyo sentensi moja ina thamani kuliko zile picha zote. Ukimuuliza mtu mwambie unatumia Windows au Linux, ulitegemea nini kitokee, kimetokea nini, na maneno ya kosa uyakopi kama yalivyo uyabandike, usiyapige picha wala usiyasimulie kwa kichwa. Na sema wazi kwamba ni kazi ya chuo. Watu wakijua ni ya chuo wanakuelekeza, wakija kugundua baadae wanajiona wametumiwa.

Haya, tuje kwenye meseji zilizoshikana. Wewe umetuma "mambo", ukatuma "poa", ukatuma "uko wapi". Umeita send, amri ya kutuma, mara tatu. Upande wa seva umeandika recv(1024), amri ya kupokea, na kichwani kwako recv maana yake ni "nipe meseji inayofuata". Sivyo. Maana yake ni "nipe chochote kilichopo sasa hivi, mradi kisizidi baiti 1024". Ikakupa "mambopoauko wapi", baiti kumi na sita (herufi ya kawaida au nafasi ni baiti moja), na haijakosea hata kidogo.

TCP haijui kitu kinaitwa meseji, inajua mkondo wa baiti basi. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, huku unamimina kikombe cha maji, kingine, kingine, vitatu, na kule mwenzako kakinga ndoo. Maji yote yatafika, tone halipotei, yaliyotangulia kuingia yanatangulia kutoka, hiyo ndo ahadi ya TCP na imeandikwa tangu RFC 793, hati ya kanuni zake, ya mwaka 1981. Lakini muulize mwenye ndoo kikombe cha kwanza kiliishia wapi. Hajui na hawezi kujua.

Sleep yako inafanya nini sasa? Inampumzisha anayemimina, kule mwenye ndoo anapata nafasi ya kumwaga kabla kikombe cha pili hakijafika. Kwenye laptopu moja inaonekana kama dawa. Siku seva imeshughulika na kitu kingine sekunde mbili, au pakiti, yani kifurushi cha data, imepotea njiani ikatumwa upya, vyote vinafika kwa pamoja na umerudi palepale, na juu yake umeifanya chati yako iwe pole kama foleni ya benki mwisho wa mwezi. Itoe. Yuko mwingine atakwambia weka TCP_NODELAY, swichi ya soketi, uzime Nagle. Huyo Nagle ni John Nagle, alikuwa Ford Aerospace, mwaka 1984 alieleza namna ya kuzuia vipakiti vidogovidogo visijaze mtandao, kwamba vikusanywe kwanza ndo vitumwe. Kuzima hicho kitu kutafanya zishikane mara chache, ila mpira unabaki mpira.

Na kuna upande wa pili wa tatizo hujauona bado, subiri utauona: meseji moja kufika vipande. Mimi lilinipata hilo na nilikuwa sio mwanafunzi tena, nalipwa kabisa. Kuna ghala moja nilipewa kazi, mzani wa malori, mzani unatoa uzito kwa waya wa zamani, kuna kiboksi kinageuza kuingia kwenye mtandao, programu yangu inasoma namba inaandika. Nyumbani nilijaribu kwa klayenti wa kubuni, ikaenda wiki nzima bila kosa. Kule siku ya pili napigiwa simu, lori la tani kumi na mbili limeandikwa kilo 12, na la nyuma yake kilo 500. Kumbe ni lori moja, 12500. Kile kiboksi kilikuwa kinatuma herufi kadiri zinavyotoka kwenye waya, leo zote tano pamoja, kesho mbili kisha tatu, na mimi kila recv nikaihesabu lori. Nilikaa pale getini na madereva wananitazama, yani niliona aibu mpaka leo nikipita ile barabara nageuza shingo.

Kwa hiyo mipaka unaweka mwenyewe. Njia ninayoipenda ni kutanguliza urefu: kabla ya kila meseji tuma baiti nne zinazosema meseji hii ina baiti ngapi. "mambo" inasafiri hivi:

00 00 00 05 6d 61 6d 62 6f

Nne za mwanzo ni namba tano, zilizobaki ni m, a, m, b, o. Msomaji anasoma nne kwanza, anaona tano, anasoma tano, hapo meseji imekamilika, kinachofuata ni baiti nne nyingine za urefu. Kwenye Python hizo nne unazitengeneza kwa struct.pack("!I", urefu), na hiyo alama ya mshangao usiiache, ndo inayosema namba iandikwe kwa mpangilio wa mtandao, baiti kubwa ikitangulia. Bila hiyo laptopu yako itaziandika kinyume, 05 00 00 00, mwingine akiandika klayenti kwa Java akazisoma kwa mpangilio wa kawaida wa Java atadhani meseji yako ya "mambo" ina baiti milioni themanini na tatu.

Hapo kwenye urefu kuna mtego nao. Urefu wa nini? Ukiandika len("poa😂") Python inakwambia nne, maana inahesabu herufi. Ukishaigeuza kwa encode("utf-8") zinakuwa baiti saba, kile kikatuni peke yake kinakula nne: f0 9f 98 82. Ukituma nne kama urefu, seva itasoma p, o, a na robo ya kicheko, kisha zile tatu zilizobaki zitachukuliwa kama mwanzo wa urefu wa meseji inayofuata na kuanzia hapo chati nzima imeharibika mpaka uizime. Na nyie vijana hamchati bila vikatuni, kwa hiyo hili litakupata ndani ya dakika moja. Geuza kwanza, hesabu baadae.

Hiki ndo kipande nilichosema nitakupa:

def soma_kamili(s, n):
    data = b""
    while len(data) < n:
        kipande = s.recv(n - len(data))
        if not kipande:
            raise ConnectionError("mwenzio kakata")
        data += kipande
    return data

Soma mstari kwa mstari mpaka uweze kumueleza mdogo wako. Ukitaka baiti tano na recv ikakupa mbili, inazunguka kuomba tatu zilizobaki. Lori langu la 12500 lingepona hapa. Ule mstari wa "if not kipande" wengi wanauruka: recv ikirudisha tupu haimaanishi hakuna ujumbe kwa sasa, inamaanisha mwenzio amefunga upande wake na hatatuma tena. Ukiuruka, klayenti akitoka tu lupu yako inazunguka bila mwisho, feni ya laptopu inalia, unadhani kirusi. Kupokea meseji ni kuiita hiyo mara mbili, ya kwanza kwa nne, ya pili kwa namba uliyoipata. Kazi hiyo ni yako, mistari mitatu tu. Na wakati wa kutuma tumia sendall badala ya send, maana send nayo ina haki ya kutuma nusu na kukurudishia namba ya ilichotuma, ambayo hukuiangalia, najua.

Na urefu uupe kikomo, sema usizidi baiti elfu kumi, ukizidi funga. Jaribu uone kwa nini: seva ikiwa inaendelea fungua brauza uandike anwani na poti yako (ile namba ya mlango wa seva). Brauza inaanza na neno GET na nafasi, herufi nne, seva yako itazisoma kama urefu na kupata 1195725856. Bila kikomo itakaa inasubiri gigabaiti moja na zaidi ambayo haiji. Ukiiona hiyo namba siku yoyote kwenye maisha yako utajua mtu kaja na brauza.

Mwalimu akikubali njia nyepesi, unaweza kumaliza kila meseji kwa mstari mpya, \n, na msomaji anakusanya mpaka akione. Kwa chati ya mstari mmoja mmoja inatosha kabisa. HTTP yenyewe, kanuni za kurasa za wavuti, inatumia zote mbili, vichwa vyake vinaisha kwa mistari, mwili unatangulizwa urefu wake. Ila usijidanganye kwamba ukiwa na \n basi recv moja ni meseji moja, bado unakusanya.

Sasa mwenzako asiyeungana. Bila kuona naweka dau umeandika bind(("127.0.0.1", 5000)), ile amri ya kuchagua anwani na poti ya seva. IP, yani anwani ya kompyuta kwenye mtandao, ichukulie kama nyumba zetu za Ngamiani, korido katikati vyumba huku na huku, poti ndo chumba, ila nyumba hii ina vyumba mpaka namba 65535. Ukiandika 127.0.0.1 seva yako imekaa uani, wanaoisikia ni wa ndani ya nyumba hiyohiyo tu. Mwenzako anapiga hodi barazani. Andika "0.0.0.0" isikilize milango yote, na yeye kwenye connect aandike anwani ya laptopu yako wewe, ile inayoonyeshwa na amri ya ipconfig (Windows) au ip addr (Linux), asiandike 127.0.0.1 maana kwake hiyo ni yeye mwenyewe. Mkitumia hotspoti ya simu mara nyingi itaanza na 192.168, ikiwa ya iPhone 172.20.10, na bando haliliwi, laptopu mbili zikiongea kwenye hotspoti moja haziendi intaneti.

Ikigoma bado, nisomee kosa. Hapa ndo watu wanajichanganya, kila kitu kwao ni "haiungi". Ikirudi papo hapo "Connection refused", umefika nyumba uliyoitaka na jirani kakujibu kutoka koridoni, "chumba hicho hakina mtu", yani seva haijawashwa, au iko poti nyingine, au ndo ile imekaa uani. Ikikaa sekunde nyingi halafu "timed out", hodi hodi hodi kimya, hapo ama nyumba siyo ama kuna askari getini anakula hodi yako bila kujibu, na kwa Windows huyo askari mara nyingi ni faiwoli, programu ya ulinzi inayozuia miunganisho. Ile dirisha iliyotokea mara ya kwanza ulivyowasha Python ikauliza ruhusu au kataa, ukabonyeza kataa ukaendelea na mambo yako, kaitafute.

Klayenti wa pili kuganda ndo sehemu tamu, na naona umeshangaa mbona connect yake imekubali halafu hajibiwi. Imekubali kwa sababu salamu ya TCP, ile ya kwenda kurudi kwenda, haifanywi na Python yako, inafanywa na mfumo wa uendeshaji wenyewe, ukishaita listen tu. Unamuweka kwenye foleni kusubiri wewe uite accept, amri ya kumpokea. Na wewe huiti, kwa sababu uko ndani ya lupu ya recv ya klayenti wa kwanza, unamsubiri aandike, na yeye kaenda kunywa chai. Ni kama muuza duka anayehudumia mteja mmoja mpaka aondoke kabisa dukani hata kama kasimama tu anachati, wengine wamekaa benchi. Kwa kazi yako fungua thredi (kazi inayoenda sambamba na nyingine ndani ya programu) moja kwa kila klayenti, accept ikirudi unaikabidhi soketi kwa thredi na wewe unarudi kwenye accept. Kuna select pia, thredi moja kuangalia soketi zote, mimi naipenda zaidi lakini na Ijumaa hii sikushauri. Orodha ya klayenti ambayo thredi zote zinaigusa ifungie kwa Lock, kufuli la kuiruhusu thredi moja kwa wakati, na akitoka mtu mtoe kwenye orodha, la sivyo utakuwa unatuma meseji kwa marehemu na programu inakufa pia.

Utakutana na "Address already in use" kila ukizima seva na kuiwasha haraka. Usibadilishe poti kila mara kama nilivyokuwa nafanya, 5000, 5001, 5002 mpaka nasahau niko ngapi. Ni TCP inashikilia anwani kidogo baada ya kufunga ili pakiti zilizochelewa zisije zikaingia kwenye mazungumzo mapya, kwenye Linux ni sekunde 60. Weka SO_REUSEADDR, ruhusa ya kutumia anwani tena, kwenye soketi kabla ya bind, kabla, ukiweka baada haina kazi. Hiyo ni kwa Linux na Mac, Windows ina tabia yake, huko iache tu.

Hizo shida tatu nilivyozipanga ndo uzirekebishe hivyohivyo na usiziguse zote kwa mpigo. Leo usiku andika seva na klayenti wa mistari ishirini tu, hakuna majina, hakuna rangi, meseji zilizotangulizwa urefu basi, na zitume mara mia moja kwenye lupu bila sleep uhesabu kama mia zimefika. Kesho mchukue mwenzako na laptopu yake mkae sehemu moja. Thredi ziwe za mwisho. Hatua zenyewe, socket, bind, listen, accept, ni zilezile zilizotoka chuo cha Berkeley mwaka 1983 kwenye 4.2BSD, toleo lao la mfumo wa Unix, kwa hiyo hata ukikuta maelezo ya mtu kaandika kwa C usiyakimbie, yanasomeka.

Uliuliza pia kwenye kipande cha tisa kama ungetumia UDP, ile njia nyingine ya kutuma data badala ya TCP, isingekuwa rahisi. Kwa hili la kushikana ndio, UDP ni kama mzigo unaopakia kwenye basi la Dar, kila mfuko unafika kama ulivyoufunga, haushikani na wa mtu. Ila mfuko mwingine haufiki, mwingine unatangulia wa jana, na kondakta hakupigii simu. Na mwalimu ameshasema TCP.

Ukikwama Alhamisi nitumie zile baiti zilizofika kama seva ilivyozipokea, print(kipande.hex()), maandishi, si picha. Mimi dukani nafunga saa moja jioni.